Ngeli si Fikra: Dhidi ya Uhakiki Unaosoma Akili Katika Sarufi

Kuna kauli moja ambayo imekwishakuwa kama salamu katika tasnifu za fasihi ya Kiswahili: kwamba lugha ndiyo inayoamua fikra za wale wanaoizungumza. Hujitokeza mapema, katika sura ya nadharia, ikiwa imefungamanishwa na majina ya Sapir na Whorf. Na baada ya hapo mtahiniwa hujiona ameruhusiwa kusema lolote. Akikuta riwaya ambayo matukio yake hayafuatani, atasema kwamba hivyo ndivyo Mwafrika anavyouona wakati. Akikuta mhusika kipofu, atasema kiambishi ki- ni ushahidi kwamba Waswahili humweka asiyeona katika kundi moja na viti na visu. Akikuta wakati ujao hautumiki sana, atatuarifu kwamba mwandishi ametoka katika jamii isiyo na kesho. Msimamizi hutia sahihi, mtahini wa nje husifu upana wa nadharia, na kauli huingia maktabani kumngoja mtahiniwa atakayefuata ainukuu.

Makala haya yanaipinga kauli hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba si ya kweli kwa kiwango kinachodaiwa. Saikolojia ya utambuzi, ambayo ndiyo taaluma yenye haki ya kuulizwa kwanza juu ya jambo hili, imelipima kwa zaidi ya nusu karne, na majibu yake hayafanani na yale tunayoyakuta katika sura zetu za nadharia. Sababu ya pili inatuhusu sisi wenyewe. Lau kauli hiyo ingekuwa ya kweli, uhakiki wa fasihi usingekuwa na kazi. Mtindo ni uteuzi. Mwandishi husifiwa au hulaumiwa kwa sababu angaliweza kuandika vingine. Ikiwa sarufi imekwisha kumwamulia, basi hatuna tena mwandishi, tuna kinywa tu ambacho lugha inapitia, na mhakiki hana budi kufunga vitabu vyake na kumwachia mwanaisimu ofisi.

Tuanze na Whorf mwenyewe, kwa kuwa hutajwa zaidi ya anavyosomwa. Alikuwa mkaguzi wa kampuni ya bima ya moto huko Hartford, Marekani, aliyejifunza isimu chini ya Sapir na kufariki mwaka 1941. Maandishi yake yalikusanywa na kuchapishwa mwaka 1956. Dai lake lililovuma kuliko yote lilihusu Wahopi wa Arizona, ambao kwa maoni yake lugha yao haikuwa na njia ya kisarufi ya kuutaja wakati jinsi lugha za Ulaya zinavyoutaja. Mwaka 1983 Ekkehart Malotki, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wahopi hao, alichapisha kitabu cha kurasa zaidi ya 600 juu ya suala hilo tu. Ndani yake mna vielezi vya wakati, hesabu za siku, kalenda ya sherehe na kilimo, na kiambishi cha wakati ujao. Kitabu hicho kimekuwapo kwa miongo minne, lakini katika tasnifu ninazozizungumzia ni nadra kukiona hata katika marejeleo.

Mwaka huohuo wa 1983 lilianguka dai jingine la aina hiyo. Alfred Bloom alikuwa ameandika mwaka 1981 kwamba wazungumzaji wa Kichina, kwa kukosa umbo mahususi la kueleza jambo ambalo halikutokea, hupata shida kufikiri juu ya mambo yasiyotokea. Terry Au aliziandika upya hadithi zilizotumiwa katika jaribio, safari hii kwa Kichina cha kawaida badala ya Kichina kilichonuka tafsiri, na ile shida ikatoweka. Somo hili latufaa sana sisi tulio na -nge- na -ngali-. Kiswahili sanifu huyatofautisha. Wazungumzaji wengi, wakiwamo walimu wa lugha, huyachanganya kutwa kucha, na mitihani huwaadhibu watoto kwa kosa hilo. Sijapata kumsikia mtu akidai kwamba mwanafunzi anayesema “ningesoma jana ningefaulu” hajui kwamba jana imekwisha kupita.

Lakini kwetu jina lenye uzito si Whorf. Ni John Mbiti. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, Mbiti alizichunguza njeo za vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu, akaona kwamba zile zinazorejelea wakati ujao zinafikia kiasi cha miezi sita, na kwa vyovyote hazivuki miaka miwili. Kutokana na njeo hizo alitoa hitimisho juu ya fikra: kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati una pande mbili tu, uliopita ulio mrefu na uliopo, na kwamba ujao wa mbali haupo kabisa. Pande hizo alizipa majina ya Kiswahili, Zamani na Sasa.

Mbiti, aliyefariki mwaka 2019, hakuwa adui wa Mwafrika. Alikuwa Mkamba na mwanatheolojia, na swali lililomkera lilikuwa la kweli: kwa nini mahubiri ya wamishonari juu ya mwisho wa dunia yalipokewa jinsi yalivyopokewa? Alilolikosea ni njia ya kulijibu. Alitoka kwenye kitenzi akaruka hadi akilini bila kukanyaga chini. Hakuna jaribio, hakuna ulinganisho na mzungumzaji wa lugha nyingine, hakuna hata swali dogo la kama mkulima apandaye mwembe, au mzee anayemposea mwanawe huku akihesabu wajukuu, ana dhana ya mwaka wa kumi ujao. Na yale majina mawili, kwa mtu wa pwani, yana kioja chake. Zamani ni neno lililotoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni wakati tu, uwe uliopita au uliopo. Hata katika Kiswahili cha wazee wetu “zamani hizi” zilikuwa siku hizi tulizo nazo. Lugha mbili zilichunguzwa, ya tatu ikatoa msamiati, ya nne ndiyo iliyoandikiwa kitabu, na mwisho wa safari tukaambiwa kwamba huo ndio ubongo wa bara zima.

Tukitazame Kiswahili chenyewe. Kiambishi -ta- hakina kikomo. Kinachukua kesho (“nitakuja kesho”) na kinachukua Siku ya Kiyama, wala hakitetereki katikati. Wanaisimu huona asili yake katika kitenzi taka. Na Kiingereza nacho kimepata wakati wake ujao kutoka katika kitenzi cha kutaka. Kifini na Kijapani havina njeo mahususi ya wakati ujao. Hakuna aliyekwenda Helsinki kuwaambia Wafini kwamba hawana kesho, na treni za Japani bado hufika kwa ratiba.

Jambo hili lina kichekesho cha ziada. Mwaka 2013 mwanauchumi Keith Chen alichapisha makala iliyodai kwamba watu ambao lugha zao hazilazimishi kutofautisha wakati ujao na uliopo huweka akiba zaidi, kwa kuwa ujao kwao hauonekani kuwa mbali. Yaani kukosa njeo ya wakati ujao, ambako kwa Mbiti ni kukosa kesho, kwa Chen ni kuijali kesho kuliko wengine! Miaka miwili baadaye Chen huyohuyo, akishirikiana na Seán Roberts na James Winters, alilirudia suala hilo kwa kuzingatia kwamba lugha zina undugu na kwamba tamaduni za jirani huambukizana. Uhusiano ule ukapungua nguvu sana. Nadharia ambayo kwa ushahidi wa aina moja huweza kutoa majibu mawili yanayopingana haifai kuwa msingi wa sura ya kwanza ya tasnifu.

Tugeukie ngeli. Hapa mtangulizi wetu ni Alexis Kagame wa Rwanda, aliyejenga mwaka 1956 falsafa nzima ya kuwako juu ya ngeli za Kinyarwanda: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Ni kazi ya msomi mkubwa, na anayeicheka hajaisoma. Hata hivyo ilitupa urithi wenye madhara, yaani ile tabia ya kukichukulia kiambishi kama hukumu. Chukua mfano wa kipofu, kiziwi na kiwete. Tunaambiwa kwamba maneno haya yapo katika ngeli ya vitu kwa sababu Mswahili humwona mlemavu kuwa kitu. Mbona basi ngeli hiyohiyo ina kiongozi, kijana, kinyozi, kifaru na kiboko? Hakuna aliyedai kwamba Waswahili huwaona viongozi kama viti, ingawa wapo ambao ulinganisho huo ungewafaa. Na upatanisho wasemaje? Twasema kiziwi amefika. Hatusemi kiziwi kimefika. Sarufi yenyewe, ikiwa ndiyo shahidi, imemtambua kiziwi kuwa mtu kabla mhakiki hajafika mahakamani. Kitabu nacho kiliingia na silabi ki- kutoka Kiarabuni, Waswahili wakaifanya kiambishi na kupata vitabu. Hiyo ni kazi ya sikio. Falsafa haikuhusika.

Sisemi kwamba maneno hayo hayaumizi. Wenye ulemavu wanaotaka kuitwa vingine wana haki yao, nayo inasimama juu ya historia ya jinsi walivyotendewa. Haihitaji kuegemezwa kwenye ngeli. Na yanayofanana na haya yamejaribiwa kwingineko. Ilidaiwa kwamba Wajerumani na Wahispania huzipa sifa za kiume au za kike nomino kama ufunguo na daraja kwa kufuata jinsia ya kisarufi ya nomino hizo. Jaribio hilo lilinukuliwa dunia nzima kabla halijachapishwa kwa ukamilifu, na watafiti wa Kijerumani walipolirudia, wakatangaza matokeo yao mwaka 2014, hawakuyapata yaliyodaiwa.

Je, basi lugha haiigusi fikra kabisa? La, yagusa, na hapa ndipo wahakiki wetu wangepata faida kama wangelisoma. Kirusi hulazimisha maneno mawili pale sisi tunapoweza kutosheka na buluu: moja kwa buluu hafifu, jingine kwa buluu iliyokoza. Jonathan Winawer na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba Warusi hutofautisha vivuli viwili kwa kasi zaidi vinapoangukia pande mbili za mpaka huo. Lakini walipotakiwa kukariri tarakimu kimoyomoyo wakati wa jaribio, faida ile ilitoweka. Maana yake ni kubwa. Jicho la Mrusi halikuumbwa upya na lugha yake. Neno lilikuwa likimsaidia papo hapo, na neno liliposhughulishwa kwingine msaada ukakatika. Hali ni hiyo kwa Wapirahã wa Brazili, wasio na majina ya idadi kamili. Michael Frank na wenzake waliona mwaka 2008 kwamba watu hao waliweza kulinganisha vitu kwa idadi sawasawa vikiwa mbele ya macho, na wakakosea pale ilipohitajika kumbukumbu. Jina la idadi ni kama fundo katika kamba: halimfundishi mtu kwamba saba si nane, humsaidia asisahau.

Upande wa pili wa mzani upo pia. Karen Wynn alionyesha mwaka 1992 kwamba watoto wachanga wa miezi mitano hushangaa moja na moja zisipofanya mbili, nao hawana neno hata moja. Wapo wagonjwa waliopoteza sarufi kwa maradhi ya ubongo ambao bado huweza kufikiri juu ya sababu na matokeo na kukisia mawazo ya wengine. Kwa msingi wa ushahidi wa namna hii, Evelina Fedorenko na wenzake walihitimisha mwaka 2024 kwamba lugha ni chombo cha mawasiliano kwanza, si mahali fikra zinapoishi. Mtu anaweza kubishana nao juu ya neno “kwanza”. Hawezi tena kuandika kwamba pasipo lugha hapana fikra, kisha akaendelea na sura ya pili kana kwamba hakuna lililotokea.

Mwenye kulitaka jambo hili kwa ushahidi wa nyumbani asiende mbali. Msomaji wa jarida hili huitazama simu yake inayoonyesha 7:30, akamwambia mtoto kwa Kiswahili kwamba ni saa moja na nusu, kisha akageuka na kumwambia mwenzake kwa Kiingereza kwamba ni saba na nusu. Mifumo miwili, asubuhi moja, kichwa kimoja. Emanuel Bylund na Panos Athanasopoulos waliwapima mwaka 2017 watu wanaojua Kihispania na Kiswidi. Waswidi huuzungumzia muda kwa urefu, Wahispania kwa wingi, na makosa ya kukadiria muda yalifuata tofauti hiyo. Ila mtu yuleyule, mwenye lugha zote mbili, alibadilika kulingana na lugha aliyoelekezwa kwayo. Kiswahili, kwa taarifa, kina muda mrefu na kina muda mwingi. Mwafrika wa wahakiki wetu ana lugha moja. Wakenya tunaowajua wana tatu, na vijana wana Sheng juu yake.

Dan Slobin aliliweka suala hili mahali panapotufaa alipopendekeza tuzungumze juu ya kufikiri kwa ajili ya kusema. Mtu anapojiandaa kusema, lugha yake humlazimisha kuyaangalia mambo fulani na kumruhusu kuyaacha mengine. Yeye na wenzake waliwapa watoto na watu wazima wa lugha mbalimbali kitabu cha picha kisicho na maneno, hadithi ya mvulana, mbwa na chura aliyetoroka. Waingereza na Wajerumani walijaza vitenzi vya namna ya mwendo. Wahispania na Waturuki walitaja mwelekeo, wakaiacha namna au wakaitafutia pahali pengine. Kiswahili kiko karibu na hao wa mwisho: twaingia tukichechemea, twashuka mbio, na mara nyingi namna ya tendo twaikabidhi tanakali, mtu akatumbukia majini chubwi. Huo ndio uwanja wa mhakiki. Lugha inadai nini, inaachia nini, na mwandishi ameutumiaje uhuru uliobaki?

Chukua kiambishi a-. Hakisemi mume wala mke. Mwandishi wa Kiswahili anaweza kumwendesha mhusika kurasa nzima bila kutufunulia jinsia yake, na mfasiri wa Kiingereza akajikuta analazimika kuitoa siri katika sentensi ya kwanza. Hapo pana makala ya kuandikwa. Hapana, hata hivyo, ushahidi wowote kwamba jamii za Waswahili, Waajemi au Waturuki zilikuwa na usawa wa kijinsia kwa sababu kiwakilishi chao hakibagui. Wanawake wa jamii hizo wangetushangaa. Chukua tena ki-. Kipofu hupatanishwa na a- kwa kawaida. Lakini mwandishi akiandika kijitu kile kiliingia, ameondoka kwa hiari kwenye upatanisho wa watu na kumshusha mhusika wake. Kiambishi ni kilekile. Katika mfano wa kwanza kimerithiwa, na mhakiki hana la kusema. Katika wa pili kimechaguliwa, na mhakiki asipolisema hilo hajafanya kazi yake. Tasnifu zetu hufanya kinyume: hufasiri kilichorithiwa na kukipita kilichochaguliwa.

Najua jibu litakalotolewa. Nitaambiwa kwamba nambomolea Ngũgĩ wa Thiong'o nyumba yake. Hoja ya Ngũgĩ katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya kuiondolea akili ukoloni ina nyuzi mbili, na wafuasi wake wamezisokota pamoja hadi hazitofautishwi. Uzi mmoja ni wa kisiasa: nani anasoma, nani anafungiwa nje, mtoto gani anaadhibiwa shuleni kwa kusema lugha ya mama yake. Uzi huo ni imara. UNESCO ilikwisha kusema mwaka 1953 kwamba mtoto hufundishika vyema zaidi kwa lugha anayoijua, na haikulazimika kudai kwamba lugha ya kigeni ingembadilisha ubongo. Uzi wa pili, kwamba lugha ni ghala la namna ya kuuona ulimwengu, ndio dhaifu, na ukivutwa sana humgeukia mwenyewe: mtu aliyeandika Caitaani Mutharaba-inĩ kwa Kikikuyu kisha akaifasiri kwa mkono wake mwenyewe kwa Kiingereza mwaka 1982 ndiye ushahidi bora tulio nao kwamba fikra huvuka. Ngũgĩ alifariki Mei 2025, na tanzia zilizofuata ziliurudia uzi wa pili kuliko wa kwanza. Kwa serikali na wachapishaji hilo ni nafuu. Ubongo wa Mwafrika hauhitaji bajeti. Vitabu vya Kikikuyu, Kidholuo na Kiswahili vinaihitaji.

Nirudi kwenye riwaya isiyofuatanisha matukio, maana ndiyo inayoumia zaidi. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, na Mzingile iliyoifuata mwaka 1991, zimekuwa malisho ya usomaji huu: wakati wake wa mzunguko unaelezwa kwa Mbiti, Mbiti anaelezwa kwa njeo, na Kezilahabi hayupo. Huyu ni mtu aliyekulia Ukerewe katika Kikerewe, akaandika riwaya zake kwa Kiswahili, na akaitoa tasnifu yake ya uzamivu juu ya falsafa ya Kiafrika na ufasiri wa fasihi kwa Kiingereza huko Wisconsin mwaka 1985. Ni sarufi ipi kati ya hizo tatu iliyomwandikia Nagona? Tena ni mwandishi huyohuyo aliyetupa Rosa Mistika mwaka 1971, masimulizi yanayoshika njia yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Njeo za Kiswahili hazikubadilika kati ya 1971 na 1990. Aliyebadilika ni yeye, kwa makusudi, akiwa na vitabu mezani na ugomvi na uhalisia wa enzi yake. Anayetaka kusema jambo juu ya wakati katika Nagona na aanze kwa kuihesabu -ka- ya masimulizi katika riwaya hizo mbili, ukurasa kwa ukurasa, aone ni wapi mwandishi ameiacha na ameweka nini mahali pake.